Re: Pauni za karatasi zilizobaki nyumbani

> Ndugu, pauni za karatasi za Uingereza walizotunza wazee sandukuni bado zinabadilishwa, au ndiyo basi?

Kaka Musa, zinabadilishwa. Dukani ndiko hazipiti: ya 5 ilikoma 5 Mei 2017, ya 10 ikakoma 1 Machi 2018, za 20 na 50 zikaondoka pamoja 30 Septemba 2022. Bank of England (benki kuu ya Uingereza) hupokea noti zake za zamani bila kikomo cha muda, kwa thamani iliyoandikwa.

Kama ni chache, nenda posta ya Uingereza na kitambulisho. Si kila tawi linabadilisha, na mwisho ni pauni 300 kwa miaka miwili. Zikizidi, chukua fomu kwenye tovuti ya Bank of England, itume pamoja na noti, nakala ya kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Jina la akaunti ya benki utakayolipiwa lifanane na la kwenye fomu. Tuma kwa Special Delivery, huduma ya barua ya Royal Mail (shirika la barua la Uingereza); huduma yao nyingine, Signed For, haifidii pesa taslimu, bahasha ikipotea umeliwa.

Noti za plastiki zenye picha ya Malkia hazijafutwa, msidanganyike. Za Mfalme zilianza 5 Juni 2024 na zote zinatumika pamoja.

Rehema

---

Niongeze hapo kwa Dada Rehema: angalieni noti imetolewa na nani. Uskoti kuna benki tatu zinazotoa noti zao, na Ireland ya Kaskazini zipo pia. Za karatasi za huko Bank of England haizigusi, zirudi kwa benki iliyozitoa. Hata za plastiki, badilisheni kabla ya kupanda ndege. Maduka ya fedha Dar au Mombasa yanaweza kuzikataa.

Sarafu ya duara ya pauni 1 (ilikoma 15 Oktoba 2017) ipelekwe kwenye benki yako ya Uingereza. Iliondolewa kwa sababu ya feki, karibu moja katika kila 30. Ya sasa ina pande 12, na chini ya kichwa kuna alama inayogeuka kutoka £ kuwa 1 ukiiinamisha.

Mtego mwingine ni noti za East African Currency Board, bodi iliyotoa fedha za Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja, na baadhi zimeandikwa hivyo hivyo, "one pound". Hiyo si noti ya Bank of England, usiitumie fomu. Mpelekee mkusanyaji, na usiipige pasi wala kuifuta madoa, bei itashuka.

Salim