Nina haki ya kupiga kura Uingereza, nichague chama gani?

Nafula_Nottingham
Hamjambo ndugu zangu. Niko hapa mwaka wa pili sasa, natunza wazee. Jana baraza la mji limeleta barua, wanataka majina ya wenye haki ya kupiga kura. Nilidhani hainihusu, kumbe sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tukiwa na kibali cha kuishi hapa tunapiga kura hata ya bunge.

Kenya sikuwahi kuangalia chama. Ungeangaliaje? Ruto peke yake 2007 alikuwa ODM, 2013 URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Unamfuata mtu. Hapa wenzangu kazini wanasema sisi Waafrika ni wa chama cha Labour, basi. Mume na mtoto wako Kitale, sheria hainiruhusu kuwaleta, na hilo ndilo linaloniuma. Nishaurini.

Mzee wa Leicester
Binti, jaza fomu kwanza, mengine baadaye. Siku yenyewe nenda na pasipoti yako ya Kenya, inakubalika. Usitafute zile karatasi sita za kura za Kenya 2022 wala wino wa kidole. Utapewa karatasi moja na penseli. Jina la waziri mkuu hulikuti, labda uwe jimboni kwake. Unachagua mbunge, na wenye wabunge wengi ndio wanaunda serikali.

BintiPate
Dada, pole sana kwa mtoto. Watunzaji walikatazwa kuleta familia Machi 2024, chama cha Conservative kikiwa madarakani. Labour wakashinda Julai, na mwaka uliofuata wakafunga kabisa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje. Anayekwambia ngozi yako ina chama, muulize ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokufungulia mlango. Mimi nilipigia chama cha Greens kwa sababu ya kodi za nyumba, zinatumaliza. Wewe anza na linalokuuma.

Shemeji_Sheffield
Nakubali, ila hesabu ya jimbo ni muhimu mno. 2024 Reform UK walipata asilimia 14.3 ya kura, viti 5. Liberal Democrats asilimia 12.2, viti 72! Kura zao zilikuwa zimekusanyika majimbo machache. Tazama nani alishika nafasi ya pili kwako na alishindwa kwa kura ngapi. Kaka yangu ni raia wa Ujerumani, yeye ana kura mbili, ya mbunge na ya chama. Huko chama kisipofika asilimia 5 kwa kawaida kinabaki nje, kama FDP 2025. Ningekuwa kule ningechagua chama. Hapa naanza na jimbo.

Nafula_Nottingham
Asanteni, Mzee shikamoo. Fomu nimeijaza na kuituma leo asubuhi. Nimeona pia kwamba mbunge wetu hukutana na wananchi Ijumaa pale maktaba. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Nitakwenda na picha ya mwanangu nimuulize ana kwa ana yeye yuko upande gani kuhusu familia zetu, halafu niwaandikie wagombea wengine swali hilohilo. Majibu nitayaleta hapa.