Wana wa Bi Zuhura: makaratasi ya Salma

Dada Mwajuma 19:02
Jamani salama? Kikao cha Salma na Baba Nuru mahakamani, kuhusu watoto wao, ni Alhamisi ijayo. Wakili hakuna, hilo tulishalimaliza. Makaratasi yafike masjala kabla ya kesho kutwa saa tisa. Kila mtu aseme atasaidia nini.

Dada Mwajuma 19:20
Tiki za bluu naziona.

Kassim 19:24
Mimi nina kalamu 😂

Zainabu 19:31
Kwanza tuelewane. Alhamisi si kusikiliza kesi, hakuna mashahidi. Hakimu anawaita wote wawili, anauliza mmekubaliana wapi na mnagombania nini. Msimbebeshe mtoto wa watu furushi.

Zainabu 19:33
Aandike watoto wanalala wapi, nani anawapeleka shule, yeye anaingiza kiasi gani, wao wanatumia kiasi gani kwa mwezi. Halafu anachoomba, kwa siku na saa. "Awaone mara kwa mara" hakimu ataifanyia nini?

Salma 19:40
Nimeandika. Kurasa kumi na moja

Kassim 19:40
Msimu wa pili unatoka lini?

Salma 19:41
Nne ni za mama yake

Zainabu 19:42
🙈 Toa zote.

Salma 19:42
Yeye ndiye chanzo!!

Zainabu 19:44
Kipimo ni maslahi ya mtoto. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 3, ndivyo unavyosema. Mama mkwe hayumo.

Bakari  19:50
[picha ya maua: Jioni njema]

Dada Mwajuma 19:52
Bakari!! Salma, taarifa za benki lete za miezi yote, si ule mwezi mzuri tu.

Salma 19:55
Mwezi wa saba kuna zile pesa za Kassim

Dada Mwajuma 19:55
Pesa zipi?

Kassim 19:56
Aa, hilo lilishaisha

Salma 19:56
Liliisha kwako

Zainabu 19:58
Ukurasa usiruke. Ukiuruka ndio watakaouulizia. Andika pembeni "mkopo kwa ndugu".

Kassim 19:59
Ndugu tu, jina la nini 🙏

Salma 20:10
Hati ya kiapo nimeshasaini. Na meseji yake ya matusi nimeipiga picha

Zainabu 20:12
Umesaini wapi?

Salma 20:12
Hapa mezani

Zainabu 20:13
Chapa nyingine. Inasainiwa mbele ya kamishna wa viapo, anakuona kwa macho. Na meseji usiikate: tarehe, namba yake, na jibu lako.

Salma 20:15
Jibu langu halisomeki mbele ya watu

Zainabu 20:15
Ukileta lake, lako ataleta yeye.

Kassim 20:31
Mi naona nimpigie Baba Nuru tuongee kiume, yaishe

Dada Mwajuma 20:32
Kama mlivyoongea kiume mara ile?

Salma 20:36
Mkarudi mkaniambia nivumilie. Wewe ndiye uliyelibeba begi langu ukalirudisha kule, Kassim. Zipu ilikuwa imekatika, ukaifunga kwa kamba.

Mjomba Hamisi 21:47
SALMA MWANANGU. YA MAMA MKWE TOA. ANDIKA WATOTO. KASSIM SIMU USIPIGE NA MAHAKAMANI USIENDE. LILE BEGI NILIMTUMA MIMI.

Dada Mwajuma 22:15
Tumesikia, Mjomba.

Salma 22:19
Sawa Mjomba

Dada Mwajuma 22:24
Sasa. Namba ya kesi kila ukurasa. Nakala tatu: ya mahakama, ya upande wa pili, na ya Salma igongwe muhuri abaki nayo. Nilimuuliza karani tuombe nini, akagoma.

Zainabu 22:26
Haruhusiwi kushauri. Atakuonyesha fomu na dirisha, basi.

Dada Mwajuma 22:28
Ila kasema nakala ya Baba Nuru asiipeleke Salma mwenyewe. Aende mtu mzima mwingine, amkabidhi, kisha aape alimkabidhi lini na wapi. Nani anakwenda?

Kassim 22:29
_Ujumbe huu umefutwa_

Zainabu 22:40
Mimi nasafiri kesho alfajiri. Salma nitumie hizo kurasa usiku huu nizipunguze.

Dada Mwajuma 22:58
Nani anakwenda kwa Baba Nuru?

Tatu 06:10
Ndiyo naona sasa hivi, poleni. Kikao ni leo?

Bakari 06:31
👍

Dada Mwajuma 06:32
Bakari, hilo dole ni la kwenda au unamjibu Tatu?