Naomba ushauri: lumpia zangu zinalegea mapema

Habari zenu wapendwa. Niko Muscat, na jirani yangu Mfilipino amenifundisha lumpia Shanghai, yaani roli za kukaanga za kwao, zile nyembamba kama kidole. Ndani naweka nyama ya kuku ya kusaga, mbichi (wao hupenda ya nguruwe, mimi sili), karoti, vitunguu na yai. Nakunja kwa manda za dukani, ncha nagandisha kwa yai. Zikitoka kwenye mafuta ni kavu na tamu mno, ila nusu saa baadaye zimelegea. Nimejaribu kukamua karoti na kuzichuja lumpia zenyewe kwenye waya, bado. Natamani sana kuzipeleka kwenye futari ya pamoja.

Je, kuzikaanga mara mbili kunasaidia? Na nikizigandisha mbichi, nizikaange na barafu yake au ziyeyuke kwanza?