Kitambulisho changu, eti "hii ni ya kughushi, mama, miaka saba hiyo!" Mbele ya foleni nzima!

Binti Mzigua: Wakuu, nimetoka ofisi ya kampuni ya simu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Ni yule kaka wa dirisha la mwisho, mnamjua, yule wa miwani utosini. Nimeenda kurudisha laini iliyopotea, nikampa NIDA yangu halali, kadi ya kitambulisho cha taifa. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, halafu akaikwaruza sura yangu kwa ukucha kama anamenya muhogo! Kisha kwa sauti ya kusikika hadi Zanzibar: "Hii ni ya kughushi, mama, miaka saba hiyo!" Foleni yote ikageuka. Mlinzi akasogea. Mwenye mtoto akamvuta mtoto wake!

Kadi imechakaa kwa sababu kila dirisha nchi hii linaitaka! Namba ipo, tarakimu 20, na mashine ya vidole iko mbele ya pua yake. Angeingiza namba, niweke kidole, tumalize. Hakugusa hata kitufe. Ukucha tu. Kwenye sura yangu!

Mzee wa Vifungu: Miaka saba jela kasema kweli. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 337. Na ukiitumia huku unajua ni ya kughushi, cha 342 kinakupa adhabu ile ile ya aliyeitengeneza. Ila lazima pawe na nia ya kulaghai. Kuchakaa si kosa.

Binti Mzigua: Asante mzee, na ukucha umeruhusiwa na kifungu gani?

Kibe wa Likoni: Huku Kenya kughushi kwa kawaida ni miaka mitatu, kifungu cha 349. Vuka mpaka hapo Horohoro dada, uokoe minne.

Mtoto wa Tandika: Weka picha ya kadi tuone, isije ikawa kaka wa watu ana haki 😂

Fundi Saruji: Afadhali wewe una sura ya kukwaruzwa. Mimi vidole vimelika na saruji, mashine haisomi. Naambiwa kanawe. Nanawa. Haisomi.

Mama Wawili: Fundi, sugulia limao.

Fundi Saruji: Nimesugulia. Vinawasha, na bado haisomi.

Mtoto wa Tandika: Limao lenyewe siku hizi unanunua wapi? Huku kwetu bei wanajipangia.

Binti Mzigua: Jamani, mtu kakwaruzwa sura!

Mama Wawili: Mtoto, limao nenda sokoni Buguruni alfajiri. Ukichelewa unakuta makapi.