Jumamosi tuonyeshe ipi: Ghost in the Shell, The Matrix au RoboCop?

KijanaWaBuru
Wadau, kila mwisho wa mwezi tunaweka projekta kwenye ukumbi wa mtaa hapa Buruburu. Huja watu kama thelathini, wengi wao wamemaliza Fomu Foo juzi. Zamu hii tunazungumzia mwili na nafsi: akili yako ikihamishiwa mwili mwingine, aliyefika huko ni wewe? Nimebaki na Ghost in the Shell (1995), The Matrix (1999) na RoboCop (1987). Nataka itakayowagombanisha. Naegemea The Matrix kwa kuwa kila mtu anaijua.

Binti_Kisauni
Kujulikana ndiyo kasoro yake, watakaa wakingoja Neo, shujaa wake, akwepe risasi tu. Ukiionyesha, isimamishe pale anapoanguka kwenye mazoezi ya kuruka majengo, akaamka na damu mdomoni. Kaanguka ndani ya programu ya kompyuta iliyounganishwa na akili yake, damu ni ya kweli. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, alisema nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali. Basi mbona kimoja kikidanganywa kingine kinavuja? Elisabeth wa Bohemia, binti mfalme, alimbana kwa barua mwaka 1643: kitu kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Majibu ya mzee hayakumtosheleza, na mimi vilevile.

Huku Pwani wazee wasingeshangaa. Pepo akipanda, mwenye mwili huitwa kiti. Kiti ni kilekile, aliyekikalia ndiye mwingine, hata sauti inageuka. Tazameni Ghost in the Shell kwa jicho hilo.

FundiBodi
Mimi kazi yangu ni kujenga bodi za matatu. Gari likiingia tunang'oa kila kitu, inabaki chesisi na injini. Likitoka lina rangi nyingine, jina jingine, spika za kutikisa dirisha. Abiria wanasema ni jipya, logibuku, hati ya gari, inasema ni lilelile.

RoboCop ni hiyo hiyo. Murphy, polisi, kauawa, kampuni ikamjengea bodi ya chuma. Mkono wa kushoto madaktari walikuwa wameuokoa, bosi akaamuru uondolewe! Jina wakamfuta. Lakini kabla ya kurudisha bastola anaizungusha kidoleni, mchezo aliojifunza kwa ajili ya mwanawe, na Lewis, polisi mwenzake, anamtambua kwa hilo. Mkono si wake, mzungusho ni wake. Sasa uulize ukumbi: kumbukumbu ile ilikaa wapi?

Msomaji_Ngara
Fundi, mfano wako umekugeuka. Logibuku inafuata namba ya chesisi, na chesisi ni mwili. Nafsi ya matatu iko wapi basi, kwa dereva?

FundiBodi
Kwa makanga. Dereva hubadilishwa kila wiki.

Msomaji_Ngara
😂 Haya. Mimi kura yangu ni Ghost. Kusanagi, shujaa wake, ana mwili wa kuundwa, nao ni mali ya serikali. Akiacha kazi, anaurudisha. Ni kama pikipiki ya mkopo, unaizunguka mjini kutwa kama yako mpaka siku wanapokuja kuichukua. Halafu anamwona mwanamke dirishani mwenye sura yake kabisa, mwili wa toleo moja. Mwishoni anaamka ndani ya mwili wa mtoto, na hapo hata yeye si Kusanagi yule tena. Tena haifiki saa moja na nusu.

MamaWawili
Na Kusanagi anavua nguo dakika za mwanzo, umewaambia wazazi? RoboCop nayo Murphy anapigwa risasi kipande kwa kipande. Chagua lawama zako.

Mbona hakuna aliyetaja Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, Mkenya wetu? Dakika kama ishirini tu. Asha, mhusika mkuu, anaamriwa ameze dawa za kuzuia ndoto, na maji ya kunywa yanachujwa kutoka jasho na mkojo wao wenyewe. Anatoroka na mche, anaunyweshea jasho lake, kisha anaulalia kuukinga jua. Hizo zenu tatu zinauliza mwili ubadilishwe na nini. Asha hana wa akiba.

KijanaWaBuru
Mama, hiyo sikuifikiria hata kidogo. Basi Pumzi kwanza, mapumziko ya chai, kisha RoboCop, wenye wadogo wawatoe mapema. The Matrix wataitazama kwao. Ghost mwezi ujao, nikishaongea na wazazi.

Fundi, utakuja na zile spika?

FundiBodi
Nitaleta mbili. Stima ikipotea usinitazame.