Bia napika mwenyewe, washkaji wanakunywa, chupa hazirudi. Nyie mnapata wapi chupa za kutosha?

MgemaWaDortmund:
Wakuu habari zenu. Nipo Ujerumani, napika bia nyumbani jikoni, sio biashara, ni ya kunywa mwenyewe na washkaji, na kabla hamjaanza kuniuliza mambo ya polisi, huku tangu 2024 unaruhusiwa kupika mpaka lita 500 kwa mwaka bila ushuru ili mradi hauzi, zamani ilikuwa 200. Shida yangu sio bia, bia inatoka vizuri tu. Shida ni chupa.

Sufuria moja inanipa lita 20, ukiacha mashapo ya chini napata chupa kama 38 za nusu lita. Natumia zile za kufunga kwa waya, zenye kizibo cha kauri na kampira chekundu, nilinunua mpya dukani na kila moja ni zaidi ya euro. Sasa wikiendi watu wanakuja, tunachoma nyama, tunakunywa, hapo sina neno. Kasheshe ni wakati wa kuaga, huyu anaomba mbili za njiani, yule anamchukulia jirani yake Mjerumani aonje, shemeji ndo kabisa anakuja na begi. Ukiuliza chupa wiki inayofuata unaambiwa "aah zile nilizipeleka kwenye mashine". Kwa wasiojua, supermarket za huku zina mashine ukutani, unaingiza chupa tupu inaimeza halafu inakupa risiti ya hela, chupa ya kawaida ya bia senti 8, hii yangu ya waya senti 15. Yaani mtu kapata senti 15 na mimi nimepoteza euro, na chupa yenyewe imeshaenda kiwandani kwa watu wengine!

Sasa hivi nina bia kwenye ndoo imeshamaliza kuchachuka na chupa zilizobaki hazifiki nusu. Nimewaza chupa za mvinyo maana hizo majirani wanazitupa kila siku, nimewaza na za plastiki. Nyie mnaopika mnafanyaje?

Kreti_Tupu:
Mkuu unanunua chupa mpya za nini na wewe upo nchi ya makreti? Acha supermarket, nenda duka lile kubwa la vinywaji pekee, ongea na jamaa wa nyuma wanaopanga makreti, muombe akuuzie kreti la chupa tupu kwa hela ya Pfand tu, yaani ile amana unayorudishiwa ukirudisha chupa. Wengi wanakubali, akikataa nenda la pili. Piga hesabu, chupa 20 za nusu lita mara senti 8 ni euro 1.60, kreti lenyewe 1.50, jumla 3.10. Ukitaka zile za waya ni senti 15 mara 20 yaani euro 3, weka na kreti inakuwa 4.50. Ishirini hizo! Halafu ukichoka kupika bia unazirudisha unapewa hela yako yote.

Na hizo ni chupa nene, zimetengenezwa zioshwe na kujazwa tena mara nyingi, inasemwa mpaka mara 50, kwa hiyo gesi ya nyumbani haizisumbui. Chagua za kahawia. Za kijani na nyeupe zinapitisha mwanga, mwanga ukikutana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, bia inanuka kama kicheche kapita, ukiwa nazo basi zikae kabatini gizani.

Chupa za mvinyo SAHAU. Hazikutengenezwa kubeba gesi, moja ikipasuka jikoni usiku utadhani wamekuja kukuvamia, na vioo vinaruka kweli, mtu anaweza kupoteza jicho.

MchagaOriginal:
Mnajitesa bure nyie. Huku kwetu mbege haijui chupa. Ndizi zimeiva zimechemshwa, msesewe umetiwa ukali wake, ulezi umewekwa, ikishakuwa tayari watu wanakuja wao kwenye mbege, sio mbege inawafuata wao nyumbani 😂 Mnakaa, kata inazunguka, ikiisha mnaaga. Na ukiifungia kwenye chupa itakutoa roho maana ile haijamaliza kuchachuka, inaendelea tu. Wewe mgema watu wamekusifia bia mpaka umeanza kugawa za njiani. Wanywe hapo hapo waondoke mikono mitupu.

MgemaWaDortmund:
@MchagaOriginal we acha tu, nikifanya hivyo wanalala hapa hapa na nyumba yenyewe vyumba viwili.

@Kreti_Tupu dah hii ya Pfand sikuiwaza hivyo, asante sana mkuu. Ila hizo za senti 8 ni za vizibo vya kawaida si ndio? Nitahitaji mashine ya kubania. Na usafi je, maana chupa za watu hujui kulikuwa na nini ndani, nimeshaona zenye vichungu vya sigara.

DadaWaMinnesota:
Naingilia kidogo. Mimi nipo Marekani na jimboni kwetu hakuna kabisa hela ya chupa, kwa hiyo chupa zinatupwa tu, nikitaka nyingi naongea na mhudumu wa baa anaziweka pembeni kwenye boksi Ijumaa usiku. Nzuri kwake nzuri kwangu. Cha kuangalia huku ni mdomo wa chupa, kuna zile ambazo kizibo unazungusha kwa mkono, hizo zina hesi na kizibo cha kubania hakikai sawa, gesi inavuja taratibu unafungua baada ya mwezi unakuta togwa. Napitisha kidole mdomoni mwa chupa, nikigusa hesi naiacha.

Vizibo vya kawaida ni milimita 26. Chupa za shampeni na baadhi za Ubelgiji ni 29, hizo usichanganye, japo ni nene na nzuri sana kama una kichwa cha mashine cha saizi yake.

Plastiki ninayo kidogo, chupa za soda, sio mbaya kama watu wanavyosema. Inabeba gesi vizuri na faida yake ukiibonyeza unajua gesi imefika wapi, ikiwa ngumu kama jiwe ipeleke kwenye friji. Ila haiwekeki muda mrefu, hewa inaingia kidogo kidogo. Kwa bia ya kugawa inayoisha ndani ya wiki chache sioni tatizo.

Kreti_Tupu:
Nakuja kwenye mashine na usafi.

Mashine za kubania vizibo zipo mbili, ya mikono miwili ambayo inashika shingo ya chupa, na ile ya kusimama mezani unavuta mkono mmoja. Ya kwanza ni bei rahisi ila ina nongwa, inataka ule ukingo wa shingoni uwe mahali pake, chupa nyingine inashindwa kuishika na ukilazimisha shingo inavunjika mkononi. Ukiwa na makreti mchanganyiko chukua ya mezani. Au fanya ujanja, omba makreti ya chupa za aina moja tu, na ndo hapo utaona raha ya kukaa Ujerumani maana chupa za viwanda tofauti zinafanana umbo.

Usafi, zenye sigara na ukungu usihangaike nazo, zirudishe kwenye mashine chukua senti 8 yako. Zilizobaki loweka kwenye beseni au bafu, maji ya moto na magadi ya kufulia, lala nazo usiku kucha, asubuhi lebo zinaelea zenyewe. Piga brashi ndefu, suuza sana, kisha inua kila moja uichungulie kwa kitako ukielekeza mdomo kwenye taa. Ukiona utando au kiduara cha kahawia chini rudia, hapo ndo bia inapoharibikia. Siku ya kujaza unapitisha dawa ya kuua vijidudu ya wapishi wa bia, ile isiyohitaji kusuuza. Za waya vua mpira kwanza uoshe peke yake, uchafu unapenda kujificha pale, na ukiona umepasuka badilisha, pakiti ya mipira haifiki bei ya chupa mbili.

Na sukari ya kuleta gesi ndani ya chupa usikadirie kwa jicho. Kidonge kimoja cha sukari cha huku ni kama gramu 3, kinatosha nusu lita. Hakikisha tu bia imemaliza kweli, upime sukari iliyobaki kwenye bia kwa kile kipimo cha kuelea, siku mbili tatu mfululizo namba isishuke, maana chupa nzuri nayo ina mwisho wake.

Otis_Umoja:
Maze mbona mnazunguka. Hapa Nairobi, na najua Bongo ni vile vile, ukienda duka kuchukua bia ya kupeleka nyumbani swali la kwanza ni "chupa uko nazo?" Huna, unaacha pesa ya chupa. Watu wote tumelelewa na hiyo sheria hakuna mtu hukasirika. Sasa nyinyi mkifika majuu mnajifanya hamuijui? Wekea hao mabeshte hiyo hiyo, leta tupu tatu uondoke na tatu. Ya kwanza kabisa aache euro mbili ndani ya mkebe, akirudisha chupa anarudishiwa euro zake, hapo hujauza pombe. Juu ya kizibo andika na marker X kubwa ndio mke wake pia ajue hii si ya mashine.

Na acha kupeana zile za waya. Hizo ni za kunywea kwako. Za kutoka nje ya mlango ziwe za senti 8, ikipotea imepotea.

MgemaWaDortmund:
@Otis_Umoja hii ya mwisho imeniingia. Za waya hazivuki mlango tena. Jumamosi naenda kutafuta makreti mawili, mashine ya mezani nimeshaona moja ya mtumba mtandaoni, na kwenye group la WhatsApp natupia tangazo leo, tupu kwa jaa.

Amebaki shemeji tu. Huyo nikimwambia aache euro mbili, dada yake ananihamishia kochini.

DadaWaMinnesota:
Shemeji mpe ya plastiki. Ya lita mbili. Hata begi hatahitaji 😂