Naomba ushauri: r na l zinavyowachanganya wasemaji jukwaani

Wakuu, salaam. Nawanoa vijana wa Chamwino na Bahi kwa hotuba za dakika 5, ukumbi ni hapa Dodoma mjini. Maneno tumeyabana yasizidi 550. Yakifika 700 wanakimbia na kumeza silabi za mwisho. Kipaza sauti tunakiweka pembeni kidogo ya mdomo, kikiwa mbele kabisa p na b zinapasuka.

Kinachonishinda ni r na l. “Pigeni kura” inatoka “pigeni kula”, ukumbi unaangua kicheko na hoja imekufa. Zoezi wanalijua: kwa r ncha ya ulimi inagonga ufizi mara moja na kuachia, kwa l inatulia hapo na hewa inapita pembeni. Mahari/mahali, karamu/kalamu, wakikaa wanatamka safi. Wakisimama kasi inapanda, l inarudi. Anayejichunga kupita kiasi ndiye balaa zaidi, anaomba “karamu” ya kuandikia!

Kiimbo chao sikigusi. Wakiiga watangazaji wa Dar wanasikika bandia.

Sasa, wenye uzoefu: niyakwepe maneno hayo kwenye hotuba, au kuna zoezi la kutamka kwa kasi linaloshika ndani ya wiki tatu?